Mtafsiri Picha wa Himo na Mpaka wa Kilema

Mdogo wangu Wilbert hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na mwaka wa ishirini huu anatafsiri picha za Wazungu kwenye kibanda cha video pale Himo. Siyo za bunduki. Zake ni zile za kale za Amerika, hazina rangi. Wanaume wana kofia ndefu wanacheza kwenye ngazi, wanawake wamejibandika manyoya kama kuku, wanagombana kidogo, wanaimba, wanaoana. Wilbert anashika maiki, steringi wa picha anakuwa mtu wa Kilema anatafuta mke, baba mkwe anadai pombe ya mbege. Watu wanacheka mpaka wanaanguka benchi. Yeye mwenyewe mke alimkimbia. Amebaki na maiki na kihamba, shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na mama.

Sasa kaka yetu Ambrosi, tamaa imemla toka ananyonya, aling'oa masale ya mpakani akayapanda kule ndani kwa Wilbert. Kwetu mmea wa sale ndiyo hati ya shamba. Miti kumi na miwili ya kahawa na kaburi la mama vikawa vyake. Hakuna aliyemwona. Wazee wa ukoo wakasema Jumamosi tunakaa. Asipopatikana shahidi, mpaka unabaki ulipo.

Ijumaa saa tisa mchana nimekaa kibandani, Ambrosi huyo akaingia. Katoka kukata majani ya ng'ombe, panga mkononi. Hajawahi kukanyaga pale. Akakaa benchi la mbele. Wenye akili wakasogea mlangoni.

Kwenye tivii steringi ananyata bustani ya watu, anaiba maua ya kumpelekea mchumba. Wilbert akamtazama kaka yake, akasogeza maiki mdomoni.

"Mwoneni huyu. Mnadhani maua? Masale hayo, ya mdogo wake! Kaja usiku kama fisi. Anavyotetemeka! Kang'oa matatu tu, suruali imelowa."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Ambrosi akasimama.

"Wilbert, nyamaza," nikamwambia. "Atakukata huyu."

Hakuniangalia.

"Sasa analia. Anamwita mama yake aje amshikie jembe..."

"Mwongo!" Ambrosi kafoka, panga limemwelekea Wilbert kifuani. "Nitetemeke mimi? Yalikuwa tisa! Mchana kweupe, nyie mko misa! Nimechimba peke yangu, sikumwita mtu!"

Steringi akaanza kuimba. Nyimbo Wilbert huwa hatafsiri. Akashusha maiki.

Watu kama thelathini wanamtazama Ambrosi, na yeye bado anahema. Ilimchukua muda kujisikia alichosema. Panga likashuka lenyewe.

"Shikamoo mzee," akasema Gladys muuza ndizi. "Umesema tisa, eeh? Nisije nikakosea kesho."

Jumamosi zilipanda Kilema pikipiki saba. Wazee wakauliza shahidi ni nani, likasimama benchi zima. Ambrosi akaambiwa ayarudishe masale kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu.

Wilbert, mjinga wa huruma, akaenda kumshikia miche. Nikamfukuza. Nikasimama mimi kichwani kwa Ambrosi toka sale la kwanza.

"Theodora, mgongo unaniuma."

"Chimba," nikamwambia. "Shimo hilo fupi."