Kidani cha Sitti, Mdomo wa Suad

Saa moja asubuhi, Makina, Kibra, mwaka huu wa 1949. Suad binti Mahdi amekaa mlangoni, ncha ya uzi ameibana kwa vidole vya mguu, na anapitisha punje moja baada ya nyingine bila kuinua macho. Akiki nyekundu. Marijani. Kaharabu ya manjano, utomvu wa mti uliogeuka jiwe, nyepesi mkononi. Nyuma yake masanduku yamefungwa kamba, maana ametakiwa ahame mwisho wa mwezi.

"Masanduku nimefunga panya wasiingie," anasema. "Mimi siendi mahali."

Suad, mjane na mtoto wa askari wa Kisudani, ndiye mtungaji wa vidani vya maharusi wa Kinubi hapa Kibra. Kazi aliirithi kwa mama yake. Malipo ni shilingi sita na ratili ya sukari, na harusi zikiadimika analima mahindi.

Kazi hii ina sharti lake. Alasiri ya hina, mtungaji ndiye humvisha bibi harusi kidani mbele ya wanawake, akishika punje kubwa moja moja na kuzitaja kwa sauti. Neno lake ndilo dhamana. Mwanamke akiachika, au njaa ikibisha hodi, huuza vito vile kwa neno hilo.

"Shamba la serikali, nyumba ya mume," anasema Suad. "Chake yeye ni kile cha shingoni tu."

Mwezi uliopita Mzee Taha alikuwa akimwoza mwanawe kwa Sitti, binti yatima wa kina Murjan. Alimpelekea Suad akiki, marijani, na mfuko wa punje kubwa za manjano alizonunua kwa Naftaly, mchuuzi wa Riruta. Suad akachoma moja kwa sindano ya moto. Kaharabu ikichomwa hunukia kama ubani. Hii ilinuka kama kipini cha mwavuli kilichoangukia makaa.

"Nikamwambia, ami Taha, hii plastiki. Akasema anajua. Akasema, wewe tunga, taja kaharabu, nani atachoma shingo ya bibi harusi?"

Kisha akamkumbusha kwamba kibanda chake kiko kwenye shamba ambalo ruhusa yake ya serikali ina jina la Taha. Asiyetaka kutaja, atafute pa kulala.

Suad akatunga. Majirani wakadhani amefyata mkia. Hata Wangoi wa Kawangware, anayemletea maziwa, alimsihi: "Suad, nyumba ni nyumba. Sema tu hiyo ni kaharabu, Mungu anakujua."

Alasiri ya hina ikafika, nyumba imejaa wanawake, ngoma zikanyamaza. Suad akashika punje ya kwanza. "Hii akiki." Ya pili. "Hii marijani." Akafika kwenye ile kubwa ya katikati. "Hii plastiki. Ndugu yake kipini cha mwavuli." Na iliyofuata ikaitwa hivyo hivyo, na iliyofuata pia.

Shangazi za bwana harusi wakataka kidani kivuliwe upesi. Sitti mwenyewe, hina mbichi mikononi, akakataa.

"Kiacheni," alisema. "Sasa najua nimevaa nini."

Mzee Taha amemwambia mwandishi huyu kwamba amevunjiwa heshima na mwanamke huyo lazima atoke. Alipoulizwa plastiki ilinunuliwa na nani, aliagiza chai.

Tangu siku ile Suad hapumui kwa kazi. Kina mama wanamletea vidani vya zamani wavisikie vikitajwa upya. Wapo wanaorudi nyumbani wakilia, na Suad anawahurumia, lakini habadilishi neno.

Je, mwisho wa mwezi ukifika?

"Abomoe. Nitatandika mkeka mlangoni kwake. Maharusi wote wa Kibra watanifuata pale, na mimi nitataja kwa sauti, asikie akiwa ndani."