Kinga ya Kukunja na Kamuto ka Yaya

Ile kinga, baiskeli ya kukunja, mi njo niliichagua. Yaya, dada yangu mukubwa mwenye alinilea, yeye alikuja dukani na kamuto kake ka kukalia tu mukononi.

Yaya goti inamusumbuaka. Ku tambarare anatembea, mulima, hapana. Kwa hiyo tukiendaka kulala ku mahema na benzetu baimbaji ba korali, kule Nkungu, yeye anakaa nyuma ya kinga yetu kubwa, ku portbagaji, pale pa kufungia muzigo, juu ya kamuto kake ka kitenge. Mi napiga pedale. Mulima ukikuja, nashuka nasukuma, yeye anaimba. Tukifika, yeye njo anapikaka. Bila yeye tunakula majivu.

Sasa korali ikasema: mara hii tunalala ku kisiwa ya Nkombo. Mwenye mutumbwi akaangalia kinga yetu, akacheka.

"Papa, hiyo ni ng'ombe. Haipande humu."

Njo tukaenda Kamembe kutafuta ya kukunja, Yaya naye avuke.

Muuzaji alikuwa nazo mbili. Moja ya kijani, nzito, rangi imechubuka, lakini nyuma iko na portbagaji nguvu. Ingine nyeusi, nyepesi, unaikunja mara moja, plaa! Nyuma, kitu hakuna. Nikaizungusha pale inje, bamotari ba pikipiki bakapiga muluzi. Kwisha, akili ikaenda.

Yaya akaweka kamuto ku ile ya kijani, akakaa, akajitikisa.

"Hii haiume."

"Yaya, hiyo inafanana na kitanda ya hopitali!"

"Na yako, mi nitakaa wapi?"

"Ku gido, hapa mbele pa kushikia, kama kuku ya Noeli!"

Muuzaji akacheka mupaka akashika tumbo. Yaya naye akacheka. Halafu akashuka, akakunguta kamuto, akakaweka mu kwapa.

"Ni muzuri," akasema. "Kamata yako."

Nilisikia vizuri venye alisema: yeye atabakia. Nikakamata.

Siku ya kuenda, alitusindikiza mupaka ku mutumbwi. Akanirushia kamuto: "Utalalia." Kinga ikakunjika, ikaingia chini ya miguu yangu. Pembeni yangu kukabakia nafasi ya muntu moja, wazi. Niliiangalia mupaka tukafika.

Ku Nkombo njia ni mawe matupu. Yale magurudumu madogo yalikataa, kinga nikaibeba ku bega. Samaki ndogo za sambaza tuliunguza. Kila muntu: "Yaya iko wapi?"

"Goti," nikajibu.

Maskini goti, nikaisingizia.

Kurudi, Yaya alikuwa ku mulango.

"Sambaza zilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

Akashika kamuto, akakageuza, akakanusa.

"Haukukalalia."

"Hapana, Yaya."

Akaenda mu kona kwenye ile kinga kubwa imesimama na vumbi yake, akafunga kamuto ku portbagaji, akavuta kamba vizuri.

"Nkungu munarudi lini?"

Nikatafuta kitambaa, nikaanza kupangusa ile kinga kubwa.