Mvua ya Visiwani Ilivyowahi Shanwe

Ikifika saa sita mchana, mabati ya nyumba yetu ya Shanwe yalianza kulia. Ta. Kimya kidogo. Ta, ta. Joto linayavuta, misumari inakataa, na sisi tulio chini tunasikiliza ugomvi usiotuhusu lakini unaotunyima usingizi. Ulikuwa mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijakaa sawa, wakati ambapo mji wetu wote wa Mpanda unanuka vumbi lililookwa na watu wanajibizana kwa nusu sentensi ili kuokoa mate. Mbwa wa jirani alilala kwenye kivuli cha ukuta, na kivuli kikisogea naye anasogea, bila kufungua macho. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja kwa hesabu ya mama na kumi kwa hesabu ya shule, na tayari nilikuwa na tabia ambayo sijaiacha hadi leo, ya kuhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza ili nijue, mara ya pili kwa sababu simwamini aliyehesabu mara ya kwanza.

Mwaka ule nilikuwa nahesabu matofali. Mvua za msimu uliopita zilikuwa zimeangusha ukuta wa chumba cha bibi, mama yake baba. Bahati yake alikuwa jikoni anakoroga uji. Alikuja akautazama ule udongo uliolala juu ya kitanda chake, akaweka mwiko chini, akafunga nguo zake kwenye kanga na kwenda Mwese kwa mdogo wake, huko milimani. Kabla ya kupanda pikipiki alimwambia mama maneno machache tu: "Nitarudi siku mtakapokuwa na ukuta usioliwa na maji." Tangu alipoondoka nililala peke yangu kwenye mkeka wa sebuleni. Bibi ndiye aliyekuwa akinikuna mgongo hadi nisinzie, akinisimulia habari za watu waliokufa kama vile wametoka kidogo kwenda dukani. Kila wiki nilimuuliza mama kama ukuta umekaribia. Kila wiki alinijibu kwamba ukuta hauna miguu.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa hatukuuziba, kwa hiyo tulikuwa tunajenga, tena kwa matofali ya kuchoma. Baba alikuwa machimboni na angerudi Krismasi, kwa hiyo kazi ilikuwa ya watu watatu: mama, mimi, na baba mdogo Lauriani, mdogo wake baba, mtu mwenye mikono mizuri na maneno mengi kuliko mikono. Tulichimba udongo karibu na kijito kilichokauka, tukaukanyaga kwa miguu hadi ukawa laini kama unga wa mandazi, tukafyatua matofali na kuyafunika kwa nyasi yasipasuke. Jua la saa nane lilikuwa linapiga kisogoni kama mtu anayedai jibu. Lakini kwa tofali bichi jua kali ni rafiki. Adui ni mvua. Tofali ambalo halijapita kwenye moto likinyeshewa linarudi kuwa udongo, na wewe unarudi kuwa mtu asiye na ukuta.

Kwa hiyo usiku na mchana tulizungumza mvua. Kila siku baada ya saa nane mawingu yalijikusanya upande wa Mwese, yakapanda meupe, yakaiva chini kama ndizi iliyogongwa, yakanguruma, kisha yakatawanyika bila kutoa tone. Nilikuwa naona radi na kuanza kuhesabu polepole hadi ngurumo ifike. Siku ya kwanza nilifika arobaini. Siku chache baadaye nikafika thelathini, kisha ishirini na tano. Nilimwambia baba mdogo kwamba ngurumo inatusogelea.

"Hiyo ni mikwara tu," alisema. "Subiri redio."

Baba mdogo alikuwa ameishi Unguja mwaka mmoja akibeba magunia ya karafuu, na alirudi na vitu viwili: shati la mikono mirefu na imani juu ya utabiri wa hali ya hewa. Jioni aliiweka redio yake juu ya ndoo iliyofunikwa, akatunyamazisha wote. Mtangazaji alipofika kwetu alitutaja kwa pumzi moja na mikoa mingine, akapita kama basi lililojaa. Visiwa alivitaja vyenyewe, taratibu: joto kali, na mvua zinazoambatana na ngurumo za radi nyakati za alasiri. Baba mdogo akasema anayetajwa kwa utulivu ndiye aliyepimwa vizuri, kwa hiyo sisi tufuate utabiri wa visiwani, ila tuongeze siku nne.

"Kwa nini nne, shemeji?" mama aliuliza.

"Treni, shemeji. Kila kitu cha pwani kinafika Mpanda siku ya nne. Sukari, magazeti, hata mafua. Mvua nayo itapita wapi?"

Mama alicheka hadi akafuta macho kwa kanga. Mimi sikucheka, nilichukua kipande cha mkaa nikaanza kuweka alama ukutani. Redio iliposema ngurumo visiwani, nilihesabu siku nne, na siku ya nne manyunyu yakaanguka Shanwe, ya kutosha kulaza vumbi. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Mara mbili zimelingana. Kwa mtu wa aina yangu hapo ushahidi umefungwa.

Jumanne moja redio ikasema tena joto kali na ngurumo za alasiri visiwani, kesho yake Jumatano. Nikaweka alama: kwetu ni Jumapili. Alhamisi asubuhi tanuri lilikuwa limepangwa, kuni zimeshaingizwa kwenye midomo yake, na mama alikuwa anakoroga tope la kulikandika nje ili jioni tuwashe. Tanuri likishakandikwa na kuwaka, mvua huwa inalilalamikia tu, hailiui. Fundi alikuwa amesema ukuta wa chumba unahitaji matofali mia tisa. Nikazunguka tanuri nikiwa na kijiti, nikahesabu. Mia nane sitini na mbili. Nikazunguka upande wa pili. Mia nane sitini na mbili.

"Mama, yamepungua thelathini na nane."

"Yatatosha. Hesabu baada ya moto, ndiyo utajua ulicho nacho."

"Yakipungua fundi ataacha tundu, na bibi hatakuja." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu wa sokoni anayeshusha bei, na nilijua ninachofanya. Jina la bibi lilikuwa ndilo jiwe langu la mzani. "Leo tufyatue arobaini. Kwa jua hili kesho kutwa yamekauka, tunachoma Jumamosi."

Mama alitazama mawingu, halafu akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akanyoosha vidole vinne.

"Mtoto kasema kweli, shemeji. Tuna hadi Jumapili."

Mama akaacha tope lake kwenye beseni.

Ijumaa saa tisa upepo uligeuka. Ulikuwa wa baridi, na baada ya wiki tatu za joto lile ngozi yangu iliushangilia kabla akili haijaelewa. Nikaona radi, nikaanza kuhesabu, sikufika mbili. Wahenga walishasema dalili ya mvua ni mawingu, hawakutaja treni popote. Tulikimbia na turubai, na mikeka, na godoro la baba mdogo, mlango wa choo, kila kilicho kipana. Upepo ulichukua turubai ukalipeleka kwa jirani. Mama alipanda juu ya tanuri akalala kifudifudi, kanga imetandazwa pande zote mbili, kama kuku aliyelalia mayai, na mvua ikampiga mgongoni kwa muda unaotosha kuivisha maharage. Mimi nilishika ncha moja ya mkeka nikiona maji mekundu yanapita katikati ya vidole vyangu vya miguu. Yale yalikuwa matofali. Nilitaka mtu anipige, lakini hakuna aliyekuwa na mkono mtupu.

Ilipokatika, jua likarudi papo hapo, bila aibu. Baba mdogo alisimama akikamua shati lake la Unguja. "Treni imewahi," alisema. Yaliyosalimika yalikuwa mia nne na kumi na moja. Siku ile nilihesabu mara moja tu.

Tuliyachoma hayo, na mama akampa mtu wa pikipiki ujumbe wa kupeleka Mwese: hatukuchoma Alhamisi, tulingoja yafike mia tisa, mvua imeyala, na chumba hakitakuwepo hadi kiangazi kijacho. Siku ya nne yule mtu akarudi, na nyuma yake amekaa bibi, kuku kwapani, magoti yamejaa tope la barabara. Alizunguka rundo la matofali, akaligonga moja kwa kidole, akalisikiliza.

"Nani kawaambia nyie mngoje mia tisa?"

"Fundi," mama alisema.

"Na nani kawaambia msichome Alhamisi?"

Baba mdogo alikuwa ameona kitu cha kutazama huko mbali. "Mimi, bibi," nikasema.

Alimweka kuku chini. "We mwanangu, ukuta wangu uliliwa na maji ya chini, yale yanayorukia miguuni. Mvua haiumi ukuta kichwani kama paa lipo. Ya kuchoma yafike hapa." Akajigonga kiunoni. "Juu mnamalizia kwa fito na udongo. Si mngeniuliza? Mlidhani nimekwenda Mwese au nimekwenda kaburini?"

Mia nne zilitosha. Zilikuwa zimetosha tangu wiki ya kwanza ya kazi. Bibi aliingia chumbani kabla ya Krismasi, akalala humo misimu sita, na usiku wa kwanza alinikuna mgongo kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Siku hizi nina meza ya nguo Kashaulili, katikati ya mji, na simu inayoniambia hali ya hewa ya Mpanda yenyewe, saa kwa saa, bila kupitia visiwani. Joto limezidi. Nasema hivyo kwa tahadhari, maana kila mtu mzima husema joto la zamani lilikuwa na adabu, lakini mwaka huu hata wateja wangu hawabishani bei, wanaondoka tu, na mfanyabiashara anajua hiyo si dalili njema. Simu inasema ngurumo alasiri, nami naifungua tena baada ya dakika tano kuona kama imebadili mawazo. Mama bado anaishi Shanwe na miguu imemchoka. Kwa miaka miwili nimekuwa nakusanya tofali za saruji nimjengee chumba uani kwangu, na kwa miaka miwili zimekuwa hazijatimia. Jumamosi iliyopita fundi alikuja, akatazama rundo, akaniambia zitaishia chini ya dirisha, labda tusubiri nyingine. Mawingu yalikuwa yanapanda. Nilimwambia achanganye zege.