Picha ya Idi pale mnarani

Jirani anapaka chokaa ukuta wake, na ile harufu mbichi imenifukuza barazani. Si kazi ngumu. Mimi kunirudisha ndani hata nzi anaweza.

Siku ile ya Idi, mnara wa askari wa vita vya kale nao ulikuwa umetoka kupakwa chokaa. Sisi watu wa mtaa wa Buyenzi tulizoea kupanda kule kilimani kwenye mnara na nguo mpya tupige picha, na baba alikataa vita vya wakati ule vitunyime picha yetu. Mimi nililia nibaki nyumbani.

"We utaolewa na hii nyumba," alinitania.

Kule juu hapakuwa na familia nyingine. Mpiga picha akanipungia mkono. "Sogea pembeni, mutoto, unaficha mnara. Ongeza kidogo." Nikaongeza, mpaka viatu vyangu vipya vikatoka kwenye sakafu ya saruji ya mnara na kuzama majanini.

Askari wa zamu akatokea nyuma ya mnara, akitembea polepole, viganja wazi, kama mtu asiyetaka kushtua kuku.

"Mutoto, apana sogea tena. Mu majani walitega mabomu."

Mama akaanza kusoma dua. Baba akachutama ukingoni mwa saruji, akaninyooshea mikono.

"Njoo kwangu, mama. Usikanyage tena. Ruka tu."

Nikaruka.

Tulishuka bila picha. Baba alinishika kifundo cha mkono kikauma, njia nzima mpaka mlangoni, na sikumwambia aniachie.