Santuri ya Mutie

Mutie alirekodi wimbo mmoja Nairobi kabla hajafa, mkewe Kalunde akiwa mjamzito. Mwaka wa 1966 Kalunde aliamua binti yao, Syombua, aisikie sauti ya babake. Aliifunga santuri ya wimbo huo kwa leso, wakapanda njia ya Mbooni kwenda kwa Irungu, mwenye gramafoni.

Karibu wafike, Kalunde aliteleza. Alipoanguka alisikia kitu kikilia ka! chini ya kifua chake. Hakuthubutu kufungua leso.

Irungu ndiye aliyeifungua. "Hizi za zamani si plastiki, mama. Ni gundi itokayo kwa wadudu na unga wa mawe, vilivyokandamizwa vikiwa moto. Huvunjika kama sahani. Lakini yako imepasuka ukingoni tu."

"Na sindano ikipita hapo, santuri haitavunjika?"

"Siwezi kuapa."

Kalunde alimtazama binti yake, akakubali kwa kichwa. Irungu akateremsha sindano. Kila ilipofika penye ufa iligonga, na kila ilipogonga Kalunde alifumba macho. Kisha sauti ya Mutie ikajaa chumbani, nzito, karibu kama yuko mlangoni.

Ubeti wa kwanza ulipokwisha, Kalunde alishindwa kuvumilia. "Itoe! Itoe!"

Irungu akainua sindano. Santuri ilikuwa haijavunjika.

"Mwaitu," Syombua alimwambia mamake, machozi yakimtoka, "alikuwa bado anaimba."

Kalunde alijipangusa jasho. Kisha akamwambia Irungu arudishe sindano. Waliusikiliza wimbo hadi mwisho, Kalunde ameikamata meza kwa mikono miwili.