Kitufe Kilichofungwa kwa Nta

Sifa zote ni za Mungu, aliyetupa masikio kabla ya kutupa maneno, na aliyenilinda kati ya nyaya za umeme miaka yote ya kazi yangu. Leo naandika haya nikiwa mzima, na mikono yote miwili bado inanitii. Shukrani zitangulie kwake, ndipo nisimulie.

Nilikuwa fundi wa mashine za muziki za zamani: ampli za lampi zinazokuza sauti, mashine za santuri, na bafle, yale masanduku ya mbao yanayotoa sauti. Vijana wenye nyimbo tele ndani ya simu hudhani ilikuwa kazi ya redio tu. Redio tuliwasha kwa ajili ya habari. Mashine hizi zilikuwa za watu waliopenda sauti yenyewe, watu wa kukaa kimya sebuleni wakisikiliza vidole vinavyoteleza juu ya nyuzi za gitaa.

Siku ya kwanza nilifika dukani Masisi asubuhi, viatu vimejaa tope la kilima. Mwenye duka, tuliyemwita Patron, alikuwa Mkatoliki aliyetoka upande wa Butembo. Mbele aliuza mabati, sabuni na misumari. Nyuma, katika chumba chenye msalaba juu ya mlango, alitengeneza mashine, maana alizipenda kuliko misumari. Aliniwekea ampli mezani, tumbo wazi, ikiwa imewashwa. Nikanyoosha mikono yote miwili.

"Rudisha ule wa kushoto," akasema.

"Niurudishe wapi, Patron?"

"Mu mufuko. Fundi wa lampi anatumika na mukono moja. Ule mwingine unangojea."

"Na kama mufuko iko na tundu?"

"Utashona kwanza, njo utarudia kazi."

Lampi ni taa ya kioo inayokuza sauti, nayo hutaka umeme mkali sana. Ukishika chuma kwa mikono miwili, umeme unaweza kupita kifuani, palipo na moyo. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, unaweza kutikiswa tu na kubaki hai. Patron alinifundisha pia kuisubiri mashine. Baada ya kuiwasha tulisali fungu moja la rozari lampi zikipata moto, na hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba sauti ni mbaya kabla ya Amina.

Aliponiona nimetulia, alinituma Mweso kufungua chumba kidogo cha ufundi kwenye barabara ya Kitshanga. Kutoka huko nilipanda pikipiki kupitia Kalembe na kushuka mpaka Walikale, ambako wapenda muziki hawakuwa wengi lakini walikuwa waaminifu. Lampi nilizisafirisha ndani ya ndoo ya maharagwe. Maharagwe hushika kioo kila upande, na barabara inaporusha pikipiki, yenyewe husogea kidogo na kuachia pigo lipite. Mama mmoja wa Walikale aliniuliza kama mimi ni fundi ao muchuuzi. Nikamwambia, "Maharagwe nayo ni ya kupika, Mama, nikiisha kutoa kioo." Siku hiyo nililala nimeshiba.

Unyevu wa msitu ulikuwa adui yetu. Karatasi ya bafle hushikwa pembeni na ukingo laini unaoiacha icheze, na kule chini ukingo huo ulioza upesi. Tulijifunza kuweka ngozi ya mwana-mbuzi, iliyokwanguliwa kwa kipande cha chupa mpaka mwanga ukapita. Bafle ya namna hiyo huimba kwa sauti ya joto. Ninazo mbili nyumbani, na bado zinaimba.

Sasa nifike kwa mtu ninayetaka mumjue. Mweso aliishi Papa Prefe, aliyekuwa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, na hata alipostaafu hakuna aliyemwita vingine. Ampli yake ya lampi aliachiwa na mfuga ng'ombe mmoja aliyerudi Ulaya. Jumapili baada ya misa tulikusanyika kwake: Mama Prefe, mkewe, muuza jibini tuliyemwita Papa Fromaji, mimi, na yeyote aliyeweza kunyamaza. Santuri ikiisha, wote tulimtazama Papa Prefe. Yeye ndiye aliyesema kama sauti ilikuwa safi.

Alikuwa na sheria moja. Ampli yake ilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti nene na kingine cha sauti nyembamba. Vyote vilipaswa kusimama katikati, kama waliorekodi walivyotaka. "Kuzungusha hapa ni kutia chumvi mu chungu ya mwenzako," alisema. Ili pasiwe na majaribu, alivimiminia nta ya mshumaa uliobaki Pasaka. Wapenda sauti wa Mweso wote wakamwiga. Ukitaka kujua nani ni mtu wa kweli wa muziki, ulitazama kama vitufe vyake vina nta.

Kisha akaanza kulalamika. "Fundi, matoazi yamepotea." Nikaipima ampli, nikasafisha sindano ya santuri, sikuona kasoro. Akairudisha tena. Akanunua lampi nyingine Goma, akatoa zile za asili zilizokuwa nzuri, na matoazi hayakurudi. Mwishowe alipatana na mchuuzi mmoja wa Goma: aje Jumanne, aichukue ampli, atoe vyote vya ndani na kuweka vya kisasa. Nilipoambiwa, niliumia. Mashine kama ile, ukiisha kuitoa moyo, huipati tena mahali popote katika milima yetu. Na niliona kwamba hata baada ya hapo matoazi yasingesikika, naye angebaki bila mashine na bila Jumapili yake.

Jumatatu nikaenda kwake. Niliomba njiani nipewe maneno mapole. Mama Prefe akatuletea chai ya maziwa.

"Kaka fundi," akasema, "jana simu ilikuwa nalia mu koti yake mwenyewe. Yeye anakunywa tu chai."

"Simu ni ya bei rahisi," Papa Prefe akajibu.

"Na jogoo ya jirani? Nayo ni ya bei rahisi?"

Papa Prefe hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaitazama ampli, kisha akanigeukia.

"Fundi, sema mbele ya Mungu. Mugonjwa ni mashine ao ni mimi?"

"Mashine iko muzima, Papa."

"Ulijua?"

"Nilidhani. Nilikuwa nangojea uniulize. Fundi hapimi mwenye mashine."

Mama Prefe akavuta kiti karibu na mumewe.

"Basi mwenye kutengenezwa ni mimi," Papa Prefe akasema. "Uko na lampi za masikio?"

"Sina, Papa. Lakini kile kitufe kiko."

"Kile hapana. Nilikikataza mimi mwenyewe."

"Njo wewe uko na haki ya kukifungua," Mama Prefe akamwambia.

Aliikwangua nta kwa ukucha wa kidole gumba, polepole. Niliweka santuri, tukasubiri lampi zipate moto. Akazungusha kitufe cha sauti nyembamba kidogo, kisha kidogo tena. Ghafla mkono wake ukasimama. Akavua miwani na kusema kwa sauti ya chini, "Hayo. Hayo yenyewe."

Jumanne mchuuzi alikuja, akanywa chai, akarudi Goma mikono mitupu. Lampi za asili nilizirudisha mahali pake. Jumapili iliyofuata Papa Fromaji alisikiliza nusu wimbo, akashika shavu. "Papa Prefe, leo matoazi iko nanikata ndevu."

"Vumilia. Upande wa pili utakuwa wako."

Ikawa sheria mpya: upande wa kwanza wa santuri kwa masikio ya Papa Prefe, upande wa pili kitufe kirudi katikati. Nyumba nyingine zikabandua nta, kwa kuwa wazee hawakukosekana humo.

Sasa nimestaafu. Macho yangu hayaoni tena tundu la nyaya ndogo, na chumba cha Mweso anakiendesha dada mmoja hodari, Esperansi, anayewasha lampi kwa umeme wa jua. Wateja wake wengine ni vijana waliochoka na sauti ya simu. Hilo hunipa tumaini kubwa kwa nchi yetu: watu wanaoweza kukaa pamoja, kunyamaza na kusikiliza, wanaweza mengi mengine.

Mwezi uliopita nilimtembelea Papa Prefe. Alikuwa ameweka kiti karibu kabisa na bafle, kiganja kikiwa juu ya mbao.

"Fundi," aliniambia, "nimefika mwisho wa kitufe. Inayobaki, Mungu ataongeza mwenyewe."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Bwana ayafungue masikio yako kwa wale walio karibu nawe, aijaze nyumba yako sauti za amani, na asikuache ukose mtu wa kukuvutia kiti karibu. Amina.