Jembe la Ng'ambo Lilipokwenda Posani

Siku yangu ya kwanza kazini niliungua mkono. Naanzia hapo kwa sababu vijana wa siku hizi wakisikia mtu alikuwa fundi wa majembe wanadhani tulikuwa tunagongagonga tu. Ilikuwa Iringa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika karakana ya zana yenye paa la bati, tanuru za mkaa, na fuawe, yaani yale magogo ya chuma ambayo fundi hufulia juu yake. Msimamizi wa Tanuru, mzee mfupi asiyecheka, aliniambia nimpe kipande cha chuma kilichokuwa pembeni. Nikakiona cheusi, nikajua kimepoa, nikakishika. Mwe! Nilicheza ngoma ambayo kwetu Tukuyu haijapata kuchezwa.

"Chuma chekundu hakiunguzi mtu," alisema Msimamizi bila kuinua macho. "Kila mtu anakiogopa. Kinachounguza ni hicho cheusi. Haya, katie mkono majini, urudi kazini."

Ndiye aliyenifundisha kazi. Bamba la chuma lilikatwa, likachomwa mpaka likawa na rangi ya chungwa, likafuliwa kwa nyundo. Upande wa juu tuliuvuta ukawa mkia mrefu uliochongoka, ambao mkulima aliupitisha kwenye tundu la mpini lililotobolewa kwa moto. Kisha ikaja kazi ya kuchovya: jembe likiwa bado jekundu unalitumbukiza majini ili chuma kikaze. Ukiliacha hivyo litavunjika, kwa hiyo unalirudisha motoni kidogo, unatazama makali mpaka yageuke rangi ya nyasi kavu, unalitoa upesi. Ukichelewa, chuma kinalegea na jembe litapinda shambani. "Kati ya kuvunjika na kupinda," Msimamizi alikuwa akisema, "ndipo ulipo mshahara wako."

Hapo karakanani ndipo nilipoonana na Yustina. Alikuja kuchomewa mpini wa jembe la mama yake, nikamchomea tundu kubwa mno, akarudi kesho yake kunigombeza. Nikamchomea mpini mwingine. Akarudi tena, na safari hiyo mpini haukuwa na kasoro yoyote. Nikaelewa.

Basi, tukiwa tunaendelea vizuri, ndipo Bwana Ugavi aliposhuka. Huyu alikuwa ofisa aliyehusika na zana za mkoa mzima, mtu mwenye suti ya mikono mifupi na sauti ya kanisani. Alitukusanya uani.

"Ndugu zangu," alisema, "kuanzia msimu huu majembe yatakuja kutoka ng'ambo yakiwa tayari. Yanatengenezwa kwa mashine. Jembe moja linatoka pale ninyi mkiwa bado mnawasha mkaa."

"Na sisi?" aliuliza Msimamizi wa Tanuru.

"Ninyi ni mafundi, mzee. Fundi hakosi kazi."

Lo, maneno mazuri hayo! Mwezi haukuisha, tanuru zikavunjwa. Msimamizi alirudi kwao Njombe bila kumuaga yeyote, na iliniuma sana. Mimi nikahamishiwa Mbeya, kwenye ghala la zana karibu na Mwanjelwa, kwa cheo cha Mkaguzi. Nilipewa meza, nyundo moja, na kitanuru kidogo cha kufanyia marekebisho.

Majembe ya ng'ambo yakaja. Yalikuwa mazuri ya kutazama, hilo siwezi kukataa. Yamepakwa rangi ya kijani, yote yanafanana kama watoto wa shule mstarini. Hayakuwa na mkia. Yalikuwa na tundu lenye ukingo mnene wa chuma, ambamo mpini huingia. Nikayapiga tupa kidogo pembeni, ile tupa ya kusugulia chuma, ikazama kama kwenye muhogo. Nikasema moyoni, haya yatapinda.

Yakapinda. Nilitumwa Rujewa, nikatumwa Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga, kusikiliza wakulima. Pale udongo ukikauka unakuwa kama tofali. Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyehamia Usangu na ng'ombe zake, alinionyesha jembe lililokunjika mbele.

"Fundi, hebu ona, jembe lako limenisujudia," aliniambia. "Mwambie aliyekutuma, mimi si Mungu."

Watu walicheka, nami nikacheka, ingawa uso uliniwaka kwa aibu. Lakini nisiseme uongo. Mundu walizoleta za kuvunia mpunga, zenye meno madogomadogo, zilikuwa safi kuliko zetu, na akina mama wa Rujewa walizigombania. Kilichoharibika ni majembe. Basi nikakaa Mwanjelwa nikinyoosha majembe ya watu asubuhi hadi jioni. Na katika kunyoosha nikagundua kwamba chuma kile laini ukikifua makali kikiwa baridi, bila moto kabisa, pigo jepesi baada ya pigo, kinakaza. Si kama cha Msimamizi, lakini kinalima msimu.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi. Mahari ya Yustina ilikubaliwa: ng'ombe, blanketi, na jembe. Katika ukoo wao jembe hilo ni la mama wa binti, kwa maana binti anaondoka na mikono aliyokuwa akimsaidia mama kulima. Lazima liwe jipya, halijaonja udongo. Na kabla mama hajapewa, wajomba wa binti hulining'iniza kwa kamba na kuligonga kwa jiwe. Likilia vizuri, mnakaribishwa kula. Lisipolia, mnarudi nalo kwenu, na posa iliyorudishwa haiombwi tena mpaka mavuno mengine. Mimi mavuno mengine sikuwa nayo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameshaanza kutuma salamu pale nyumbani, na mwalimu siku zile alikuwa mtu, si mchezo.

Majembe ya karakana yalikuwa yamekwisha madukani. Nikatafuta springi kuukuu ya lori, chuma kigumu kile, nikaifua mwenyewe kwenye kitanuru changu mpaka ikawa jembe. Nilipoichovya tu, ikalia "ta!" ikapasuka, kumbe ilikuwa na ufa wa zamani ndani. Nikabaki na ya ng'ambo. Nikagonga majembe ghalani, moja baada ya jingine, mpaka Mtunza Ghala akaniuliza kama nimejiunga na kwaya. Yote yalikuwa yaleyale: ule ukingo mnene wa tundu na ile rangi vilikuwa vinameza sauti. Nikachukua lililokuwa na nafuu.

Tukafika Iringa na baba yangu mdogo, Asajile, ndiye mshenga wetu. "Kamwene," wakatusalimu, tukaitikia, tukakaa. Mjomba mkubwa akalifunga jembe kamba, akalining'iniza, akaokota jiwe. Nilikuwa natoka jasho, na baridi ya Iringa mnaijua.

"Ko."

Akagonga tena. "Ko."

"Hili ni jembe au sufuria?" aliuliza mjomba.

"Ndiyo majembe ya siku hizi, shemeji," alijitetea baba mdogo. "Ya mashine."

"Basi mashine ikaoe kwa mashine wenzake. Sisi tunataka jembe linalolia."

Wajomba wakaguna, mmoja akaanza kuvaa kofia yake. Nilimwona Yustina kwenye mlango wa jiko, amejifunika khanga mpaka puani, macho yamejaa maji. Nikajua imekwisha.

Hapo ndipo mama yake alipotoka jikoni akipangusa mikono. "Samahani, kaka zangu. Hilo jembe ni la nani?"

"Ni lako, dada, lakini..."

"Kama ni langu, mbona mnaligonga ninyi? Mmeanza lini kulima?"

Akaingia ndani, akatoka na mpini wa kuingia kwenye tundu, akalivika jembe lile. Wote tukamfuata nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kisiki cha mti uliokatwa zamani, mizizi imetambaa chini ya nyasi. Akainua, akashusha pale pale penye mzizi. Akainua tena. Safari ya tatu jembe likakunjika, likanitazama.

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke. Baba mdogo Asajile aliangalia mawinguni kana kwamba anatafuta mvua. Mama akanigeukia, mara ya kwanza kuniambia neno siku ile.

"Gwakisa, hili unaliweza?"

"Naliweza, mama," nikasema. "Nipatieni nyundo na jiwe la bapa."

Nikavua koti la kuazima, nikapiga magoti pale pale kwenye nyasi. Nikalinyoosha. Halafu nikaanza kufua makali, baridi hivyo hivyo, pigo jepesi baada ya pigo, nikilisogeza kidogo kidogo. Nilifua mpaka nikasahau kuwa kuna watu. Nilipomrudishia, mama alipiga mzizi ule ule mpaka ukakatika, akaliangalia jembe mbele na nyuma, likawa limenyooka vile vile. Akawaambia kaka zake, "Leteni maji ya kunawa. Wageni wana njaa."

Nilipumua! Sijui kama nimewahi kupumua namna ile tena. Nilikula ugali na nyama ya kuku, na mjomba mkubwa akanitania kwamba nitakuwa mkwe wa kwanza kufanyishwa kazi kabla ya kuoa.

Nilifanya kazi Mbeya mpaka nilipostaafu. Vijana huniuliza kama nina kinyongo na mashine za ng'ambo. Nawaambia hapana, namhurumia tu yule Msimamizi wangu, ambaye hakuishi kuona kwamba kazi yetu ilibadilika jina ikabaki kazi. Zana mbovu zililisha nyumba yangu na kusomesha watoto. Siku ya kuniaga, wenzangu waliponitaka niseme neno, nikawasimulia habari ya jembe la posa, jinsi nilivyoponea chupuchupu.

Yustina alikuwa amekaa pembeni yangu. Tulipofika nyumbani akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Wewe baba," akasema, "mama alikuwa na majembe mawili ya namna ile uvunguni, yote yamepinda. Alijua. Ndiyo maana alikwenda moja kwa moja kwenye kisiki. Aliniambia jikoni, 'Jembe zuri hata mwalimu ataleta. Ngoja nimwone huyu likimharibikia mbele za watu.'"

Nikakaa kitandani na viatu vyangu. Miaka yote ile nilikuwa nikimshukuru Mungu kwamba mama mkwe alinionea huruma. Kumbe mwenyewe alikuwa anachagua.